Mkebe wa Shangazi: Miaka Yangu ya Kusomesha Sheria ya Kampuni na Hisa

Shangazi yangu alikuwa akiweka karatasi zake za maana ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kitanda, nyumbani kwake Kibokoni, Mombasa. Mlikuwa na hati ya nyumba, cheti cha ndoa, risiti za ada za watoto aliowasomesha, na kuanzia mwaka wa 2006 mlikuwa pia na karatasi moja kutoka kwa wakala wa hisa, iliyoonyesha kwamba yeye ni mwenye hisa 500 za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Alizinunua kwa shilingi 11.90 kila moja, jumla shilingi 5,950, fedha alizozikusanya kwa kuuza mahamri na viazi vya karai kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwaka wa 2008 alinijia ofisini, akaufungua mkebe juu ya meza yangu, akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa mambo haya. Nimeambiwa hisa zangu hazipo. Zimekwenda wapi?"

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kusomesha sheria ya kampuni kwa zaidi ya miaka kumi, nilikuwa na shahada ya uzamivu, na makala zangu zilikuwa zikichapishwa katika majarida ya Uingereza na Marekani. Niliichukua karatasi ya shangazi nikaisoma mara mbili. Jina lilikuwa sawa, nambari ya akaunti ilikuwa sawa, idadi ilikuwa sawa. Lakini hisa zenyewe hazikuwa zikikaa kwenye karatasi tena, kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka wa 2004 hisa za Soko la Hisa la Nairobi zilianza kuhamishiwa kwenye hifadhi kuu ya kielektroniki inayojulikana kwa herufi CDSC, na aliyekuwa na njia ya kuifikia akaunti ya mteja kila siku alikuwa ni wakala wake. Karatasi aliyoilinda kwa miaka miwili ilikuwa ni taarifa tu ya hali ilivyokuwa siku ilipochapishwa. Hakuna aliyemweleza hivyo. Mimi binti wa kaka yake, niliyekuwa nimeandika makala nzima juu ya mfumo ule, sikuwa nimemweleza.

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara nilivyofika kwenye kiti cha profesa katika fani ambayo wengi huiona kavu, na wanachotarajia kusikia ni orodha ya shahada na vyuo. Njia ya shahada ni fupi kuieleza: shahada ya kwanza, mafunzo ya uwakili jijini Nairobi, miaka minne ya kufanya kazi katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa, shahada ya uzamili Marekani, uzamivu, kisha ngazi za chuo kikuu moja baada ya nyingine, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mambo yaliyonifunza kazi yenyewe yalitokea nje ya ngazi hizo, na mengi yalitokea katika mji huu.

Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale. Bibi yangu alipotutuma Marikiti kununua bizari na nazi, wazee waliokuwa wakikaa barazani njiani bado walilitaja soko lile kwa jina lake la zamani, Soko la Mackinnon. Nilifika mwaka wa pili wa chuo ndipo nikajua Mackinnon alikuwa nani. William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Scotland, na ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa Imperial British East Africa Company, ambayo mwaka wa 1888 ilipewa hati ya kifalme na kuutawala ukanda wetu wa pwani, ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa ameukodisha. Kampuni ile ilitoza ushuru, iliweka maofisa, na ilitoa sarafu zilizoandikwa jina lake pamoja na jina la Mombasa. Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Nakumbuka nilivyokaa maktabani na kitabu kimefunguka mbele yangu, nikijiuliza kampuni inawezaje kutawala watu, na watu hao waliotawaliwa waliweza kumuuliza nani hesabu. Jibu la kisheria lilikuwa wazi: wakurugenzi walitoa hesabu kwa wenye hisa, na wenye hisa walikuwa ng'ambo. Mfanyabiashara wa Ndia Kuu aliyelipa ushuru hakuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Tangu siku ile, kila ninapoisoma sheria ya kampuni, huanza kwa kuuliza ni nani anayestahili kuambiwa nini, na aambiwe kwa namna gani.

Kabla ya hapo, swali hilo lilikuwa limekwisha kuingia nyumbani kwetu kwa njia nyingine. Baba yangu alikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nilikuwa darasa la saba wakati kampuni ile ilipofungwa ghafla, na baba alikuwa anaidai mishahara ya miezi mitatu. Mwenye kampuni aliendelea kuonekana mjini na gari lake lile lile, na baada ya muda mfupi akafungua ofisi nyingine yenye jina jingine katika barabara ile ile. Baba alivaa shati lake jeupe akaenda kudai. Aliporudi alikaa barazani bila kuvua viatu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamwambia mama kwamba ameambiwa kampuni aliyoitumikia haipo tena, na kwamba bwana yule mwenyewe hadaiwi na mtu. Mama aliuliza vipi mtu asidaiwe ilhali yuko pale anatembea. Baba hakuwa na jibu. Miaka kumi baadaye nililipata jibu katika hukumu ya mwaka wa 1896, na nilipolipata sikufurahi.

Kesi hiyo kila mwanafunzi wa sheria anaijua. Aron Salomon alikuwa mtengenezaji wa viatu vya ngozi mtaa wa Whitechapel, London. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, na kwa kuwa sheria ya wakati ule ilitaka wanachama saba, aliwaandikisha mkewe na watoto wao watano. Yeye alichukua hisa 20,001, na hao sita wengine wakachukua hisa moja moja. Sehemu ya bei ya biashara, pauni 10,000, kampuni ilimlipa kwa kumwandikia hati za deni zilizowekewa rehani mali yote ya kampuni. Biashara ilipoanguka, waliokuwa na rehani walitangulia kulipwa, na wale waliokuwa wameikopesha kampuni bidhaa bila rehani hawakubakiwa na kitu. Mahakama za chini zilimwona Salomon kama mtu aliyejificha nyuma ya kivuli chake mwenyewe. Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, lilikataa mtazamo huo na kusema kwamba kampuni iliyoandikishwa kwa kufuata sheria ni nafsi nyingine kabisa, na mwenye hisa si kampuni. Ndiyo maana bwana yule wa bandarini hakudaiwa na baba.

Kwa miaka mingi niliisomesha kesi hii kama ushindi wa mantiki. Nilieleza, na bado naamini, kwamba bila kinga hiyo watu wasingethubutu kuweka fedha zao pamoja kujenga reli, kununua meli au kufungua kiwanda, kwa kuwa kila mmoja angehofia kupoteza na nyumba yake. Kisha mwaka mmoja msichana aliyekuwa akikaa safu ya nyuma, binti wa mvuvi kutoka Vanga, akanyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, wale waliomkopesha ngozi, walijua kwamba mali yote imewekwa rehani?" Nilimjibu kwa yale aliyoyasema Lord Macnaghten katika hukumu yenyewe, kwamba wadai wale walistahili kuhurumiwa lakini lawama ilikuwa yao wenyewe. Akauliza tena, kwa adabu, "Wangejuaje?" Nikasema kwamba sheria huhesabu kilichoandikwa kwenye masjala, yaani ofisi ya kuandikisha kampuni, kuwa kimejulikana na wote. Nilipoyatamka maneno hayo nilimwona baba akiwa na shati lake jeupe. Siku zile masjala ya kampuni ilikuwa Nairobi, katika jengo la Sheria House. Karani wa Mombasa aliyetaka kujua kama mwajiri wake ameweka rehani kila kitu angelazimika kupanda gari la moshi usiku kucha, kuomba faili, na kusoma Kiingereza cha kisheria ambacho hata mawakili hukisoma kwa kalamu mkononi. Kusema kwamba mtu huyo amekwisha kujua ni kusema jambo lisilo kweli, hata kama sheria inaliruhusu.

Niliendelea kuisomesha kesi ile, na mpaka leo naisomesha, lakini sikuisomesha tena kwa saa moja. Nilianza kuiweka pamoja na sheria ya ufilisi, ili mwanafunzi aone nani hulipwa kwanza na nani hungoja. Kwa mfano, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka wa 2015, mishahara ya miezi minne kabla ya kampuni kufilisiwa huwekwa mbele ya madeni yasiyo na rehani, kwa kiwango kisichozidi kile kilichowekwa. Baba alikuwa anadai miezi mitatu. Sikupata kumweleza haya, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufariki.

Nilipokwenda Marekani kwa masomo ya uzamili ndipo nilipokutana na sheria ya masoko ya mitaji kama fani inayojitegemea. Baada ya soko la New York kuanguka mwaka wa 1929, Wamarekani walitunga sheria mbili, ya mwaka wa 1933 juu ya utoaji wa dhamana mpya (hisa, hati za deni na mfano wake) na ya mwaka wa 1934 juu ya soko lenyewe, na msingi wa zote mbili ni mmoja. Serikali haimwambii mwekezaji kwamba biashara hii ni nzuri au ni mbaya. Inamlazimisha anayetaka fedha za watu aeleze ukweli wote ulio na uzito, kisha mwenye fedha aamue mwenyewe. Msingi huo ndio uliosambaa duniani, na ndio uliofika kwetu ilipoanzishwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa sheria ya mwaka wa 1989, wakati Soko la Hisa la Nairobi lilikuwa limekwisha kufanya kazi tangu 1954 likijisimamia kwa kanuni za mawakala wenyewe.

Kesi iliyonikaa moyoni kule ni ya mwaka wa 1946, ya kampuni ya Howey ya Florida. Kampuni ile ilikuwa na mashamba ya michungwa na hoteli jirani. Wageni wa hotelini, wengi wao watu wa majimbo mengine wasiojua lolote juu ya kilimo, waliuziwa vipande vya shamba, kisha wakatia saini mkataba wa pili wa kuiachia kampuni dada ilime, ichume, iuze, na iwapelekee faida. Kampuni ilidai kwamba imeuza ardhi tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hapana: mtu akitoa fedha zake, zikatiwa katika shughuli ya pamoja, akangoja faida itokane na juhudi za wengine, hiyo ni dhamana, na anayeiuza lazima afuate sheria ya kutoa habari, hata aiite kwa jina gani. Nilipokuwa nikisoma nilikuwa naona minazi ya Kilifi mahali pa michungwa. Niliporudi nyumbani ndivyo nilivyoisomesha, kwa minazi, na katikati ya miaka ya 2000, miradi ya upatu wa piramidi ilipokuwa ikizoa akiba za watu nchini, haikunipasa kubuni mifano. Wanafunzi walikuja darasani nayo, iliyochapishwa rangi, yenye picha za nyumba na magari. Niliwataka kila mmoja ajibu maswali mawili: fedha zinakwenda kufanya kazi gani, na anayelipwa leo analipwa kutoka wapi. Katika karatasi zile zote hapakuwa na hata moja iliyojibu swali la pili.

Kisha ikaja homa ya hisa. Hisa za KenGen zilipoanza kuuzwa sokoni mwaka wa 2006, bei iliruka zaidi ya maradufu ya ile ya toleo, na habari hiyo ilifika hadi kwa wauza samaki wa Bandari ya Kale. Mwaka wa 2008 serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, niliona foleni Barabara ya Digo zenye watu ambao hawakuwahi kuingia katika benki, na baadhi yao walikuwa wamekopa ili waombe. Kila mwombaji alipata sehemu tu ya alichokiomba, zilizobaki zikarudishwa, na kabla mwaka haujaisha hisa ile ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 5. Waliokopa walilipa riba kwa fedha zilizokuwa zimelala.

Waraka wa matarajio, yaani kitabu cha kuwaeleza wanunuzi habari za hisa zinazouzwa, ulikuwapo. Sheria ilifuatwa. Kila jambo la hatari lilielezwa humo, likiwamo hilo la bei kushuka. Ulikuwa mnene na uliandikwa kwa Kiingereza. Siku moja niliwauliza watu kumi na wawili katika foleni kama wameuona, na mmoja tu alisema ndiyo, akanionyesha fomu ya maombi. Hapo ndipo wazo lililokuwa likinizunguka tangu swali la msichana wa Vanga lilipokaa sawa. Sheria yote ya masoko ya mitaji inasimama juu ya nguzo moja, kutoa habari, na sisi wasomi tulikuwa tukipima nguzo hiyo kwa upande wa mtoaji: je, amesema? Hatukuwa tukipima upande wa pili: je, aliyeambiwa ameelewa? Mwenye jahazi wa zamani aliyempa nahodha mali ya kwenda kuuza ng'ambo alijua hesabu zao za kugawana kwa sababu zilisemwa kwa lugha anayolalia na kuamkia. Muuza mahamri aliyempa wakala shilingi 5,950 hakupewa nafasi hiyo.

Sasa nirudi kwenye mkebe. Wakala wa shangazi alikuwa miongoni mwa mawakala walioanguka miaka ile, na katika kuanguka kwake iligundulika kwamba hisa za wateja zilikuwa zimeuzwa bila wao kuagiza. Nilimsaidia shangazi kuandika madai. Tuliambatisha nakala ya kitambulisho, karatasi ya akaunti, na barua ya kueleza kwamba hakuwahi kutia saini amri yoyote ya kuuza, na hapo ndipo palikuwa na uzito, kwa sababu mzigo wa kuonyesha idhini ilipo unamwangukia yule anayedai kwamba aliuza kwa idhini. Nchini kuna mfuko wa kuwafidia wawekezaji ambao wakala wao ameshindwa kulipa, ambao wakati huo ulifidia hadi shilingi 50,000 kwa mtu mmoja. Fidia ilichukua muda mrefu kufika kwake. Shangazi hakulalamika hata mara moja, na mimi nilikosa usingizi kwa niaba yake, kwani kila alipopiga simu aliuliza kwa upole ule ule, "Hawajasema kitu, mwanangu?" Alipolipwa, aliikunja barua ya malipo akaitia mkebeni, juu ya ile karatasi ya zamani. Nilimwambia karatasi ya zamani haina kazi tena. Akanijibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba yeye anataka daftari lake lote, hata la hasara.

Baada ya hapo nilibadilisha kazi yangu. Sikuacha kuandika kwa ajili ya majarida, kwa sababu bila hayo mtu hapandi cheo na wala hasikilizwi na wale wanaotunga kanuni. Lakini nilijiwekea wajibu kwamba kila makala ninayoiandika kwa Kiingereza itazaa mhadhara mmoja wa Kiswahili, nje ya chuo, mahali watu walipo. Tulianza katika ukumbi wa shule Makadara, baada ya sala ya Alasiri, tukiwa watu tisa. Nilichukua waraka wa matarajio wa kweli na kuufungua kurasa tatu tu: fedha zitafanya nini, nani anauza na anabakiwa na kiasi gani, na ukurasa wa hatari. Kutafuta maneno kulinifunza sheria upya. Unaweza kusomesha wajibu wa mkurugenzi kwa Kiingereza kwa muhula mzima bila kujiuliza ni kitu gani hasa, lakini ukimweleza mzee wa Kibokoni lazima uchague neno, na neno lililokubali lilikuwa amana. Mkurugenzi ameshika amana. Mzee mmoja aliniuliza papo hapo kama aliyeshika amana anaruhusiwa kujinunulia mali ile. Nilitumia dakika arobaini kumjibu, na nilipofika nyumbani nikaandika upya mhadhara wangu wa mgongano wa maslahi.

Neno hilo hilo lilinihukumu mimi. Miaka michache baadaye kampuni moja iliniomba maoni ya kisheria juu ya mpango wake wa kuongeza mtaji kwa kuwauzia wenye hisa hisa mpya. Nililipwa vizuri, na maoni niliyoyatoa niliyaamini. Miezi miwili baadaye gazeti moja likaniomba makala juu ya mipango ya aina hiyo, nikaandika kwamba kwa jumla ina manufaa, nikautaja mpango ule miongoni mwa mifano mizuri, na sikuandika popote kwamba nimelipwa na mwenye mpango. Hakuna sheria niliyoivunja. Aliyenishtua ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa wakili, aliyeyaona maoni yangu katika nyaraka za kampuni na makala yangu gazetini, akanipigia simu na kusema, "Profesa, ulitufundisha kuuliza nani analipwa." Nililiandikia gazeti barua ya kueleza, likaichapisha katika kona ndogo. Nililikataa pia ombi la kuketi katika bodi ya kampuni hiyo, ingawa lilikuwa na posho ambayo mhadhiri haioni kwa mwaka. Kijana anayetaka kazi hii ajue kwamba vishawishi vyake haviji usiku kwa mlango wa nyuma. Huja mchana, kwa barua yenye muhuri, vikimwita kwa cheo chake.

Sheria Mpya ya Kampuni ilitiwa saini tarehe 11 Septemba 2015, ikachukua mahali pa ile ya zamani iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1948. Ina vifungu zaidi ya 1,000, na notisi zangu za miaka ishirini zikawa karatasi za kufungia njugu. Niliipenda kwa mambo mawili. Kwanza, imeandika wajibu wa wakurugenzi waziwazi, badala ya kuuacha umetawanyika katika hukumu za karne mbili. Kifungu cha 143 kinamtaka mkurugenzi anapotafuta mafanikio ya kampuni awafikirie pia wafanyakazi, wauzaji na wateja, jamii na mazingira, na matokeo ya muda mrefu. Pili, imempa mwenye hisa mdogo njia ya kuomba ruhusa ya mahakama ashtaki kwa niaba ya kampuni pale wanaoidhibiti wanapoidhuru wao wenyewe, jambo ambalo tangu kesi ya Foss na Harbottle ya 1843 lilikuwa na mlango mwembamba mno. Sehemu iliyobaki ya sheria ile ni kazi ya mawakili, na wanaijua kuliko mimi.

Shangazi alinunua tena mara moja tu. Mwaka wa 2017 serikali ilipoanza kuuza hatifungani ya M-Akiba, yaani hati ya kuikopesha serikali, kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, alinipigia akaniuliza kitabu chake kiko wapi na nimsomee. Nilimsomea chote, kwa Kiswahili, yeye akichambua mchele. Alinikatiza mara nne. Nilipofika kwenye neno riba alinyamaza, akasema atafikiri, na kesho yake akaniambia hapana, ile si halali kwake. Niliona kwamba huo ndio uamuzi wenye habari kamili ambao vitabu vyetu huutaja, na ulifanywa na mwanamke aliyeishia darasa la nne. Mwaka wa 2023, sukuk (hati ya uwekezaji isiyo na riba) ya kwanza ya nchi yetu ilipoorodheshwa Nairobi, yenye thamani ya shilingi bilioni 3, nilitamani awe hai nimsomee na hiyo.

Mwaka wa 2024 kampuni ya Tanzania ya Amsons ilitangaza kutaka kununua Bamburi Cement yote kwa shilingi 65 kila hisa. Kiwanda kile kilianza kutoa saruji mwaka wa 1954, na upande wa pwani ya kaskazini ni nadra kupata ukoo usio na mtu aliyefanya kazi pale. Baadhi ya wastaafu walikuwa na hisa tangu enzi za ajira yao. Ilipotokea kwamba mshindani ametangaza bei ya juu zaidi, kisha akajiondoa, mkanganyiko ukawa mkubwa, na wazee wanane wakaniomba tukutane. Tulikaa nje ya nyumba ya mmoja wao, kwenye mkeka, kahawa tungu na kaimati katikati. Nilikuwa na nyaraka mbili: ofa ya mnunuzi, na waraka wa bodi ya Bamburi kwa wenye hisa wake, ambao kwa mujibu wa kanuni za ununuzi wa kampuni za mwaka wa 2002 lazima uambatane na maoni ya mshauri huru. Nilianza kueleza kwamba mnunuzi akifikisha asilimia 90 anaweza kuwalazimisha waliobaki wauze, na kwamba mtu akitaka kungoja lazima alijue hilo kwanza.

Mzee aliyekuwa fundi wa tanuri kwa miaka thelathini, aliyekuwa kimya muda wote, akaweka kikombe chini. "Profesa," alisema, "huyo mshauri huru anayesema bei ni nzuri, amelipwa na nani?"

Nilifunua kurasa mpaka mahali palipoandikwa, nikasogeza waraka kwenye taa, nikaanza kuwasomea.